Meja Jenerali Francis Nyangweso: Askari, Waziri na Kiongozi wa Michezo

Msomaji mpenzi, ukisimama ufukweni hapa Port Victoria wakati wa alfajiri, wavuvi wanapovuta mashua zao nchi kavu na akina mama wanapotandaza omena juani, utaona ziwa moja tu. Maji ya Kenya na maji ya Uganda hayatofautiani rangi. Ukienda kaskazini utafika Sio Port, na mbele yake kidogo utaukuta Mto Sio ukiingia ziwani. Mto huo ndio mpaka. Ng'ambo ya kule ni Uganda, na ng'ambo ya huku ni Kenya. Lakini Wasamia wako pande zote mbili, wana lugha moja, wanaoana na kuzikana. Katika darasa langu hakosekani mwanafunzi ambaye nyanya yake amelala ng'ambo ya pili ya mpaka.

Katika kabila hilo la Wasamia, upande wa Uganda, alizaliwa mwaka 1939 mtu ambaye habari zake nataka kukusimulia. Jina lake ni Francis Were Nyangweso. Katika maisha yake alikuwa bondia, akawa ofisa wa jeshi, akafika cheo cha meja jenerali, akawa waziri wa serikali, na mwishoni akawa kiongozi wa michezo anayejulikana duniani kote. Ni wachache sana katika Afrika Mashariki waliopita njia hizo zote. Nasi watu wa mpakani twapenda kumtaja kwa fahari, kwa kuwa ni damu yetu. Lakini historia si ngoma ya kusifu. Historia hutaka tumtazame mtu mchana, pande zote, kisha tujiulize maisha yake yatufundisha nini. Hivyo ndivyo nitakavyojaribu kufanya.

Kwanza yafaa tukumbuke nchi aliyozaliwa. Wapimaji wa reli walipofika pande hizi mwaka 1892 walikusudia reli ya kutoka Mombasa imalizikie Port Victoria. Baadaye njia fupi zaidi ilipatikana, na reli ikafika ziwani mahali panapoitwa Kisumu mwaka 1901; mji wetu ukabaki bandari ya wavuvi. Wakati huo Port Victoria na Kisumu zilikuwa bado nchi ya Uganda, maana jimbo la mashariki la Uganda lilienea hata Naivasha. Mwaka 1902 Waingereza waliliondoa jimbo hilo katika Uganda na kulitia katika nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Kwa hiyo Wasamia waligawanywa kwa kalamu, pasipo vita wala shauri lao. Litunze jambo hilo moyoni, msomaji, kwa kuwa tutalirudia.

Nyangweso alianza kujulikana kwa ngumi zake. Katika miaka ya 1950 ndondi zilikuwa mchezo mkubwa katika Uganda. Zilichezwa shuleni, katika vilabu vya mijini, katika polisi na katika jeshi. Maofisa wa Kiingereza wa Keya, yaani jeshi la wakoloni la Afrika Mashariki, waliupenda mchezo huo, kwani waliona kwamba bondia hujifunza kutii, kuvumilia maumivu na kutokimbia. Askari hodari ulingoni aliangaliwa kwa jicho jema hata katika kupandishwa cheo. Kati ya mwaka 1951 na 1960 bingwa wa Uganda wa uzito wa juu mwepesi alikuwa askari mmoja wa Keya, mtu mrefu mwenye nguvu nyingi, aitwaye Idi Amin. Njia za mabondia hawa wawili, Amin na Nyangweso, zilikuja kukutana baadaye, mahali pasipo na kengele wala mwamuzi.

Mwaka 1960 Nyangweso alichaguliwa kuiwakilisha Uganda katika Michezo ya Olimpiki mjini Roma. Uganda ilikuwa haijapata uhuru. Ilikuwa imeingia katika Olimpiki mara moja tu kabla ya hapo, yaani Melbourne mwaka 1956. Hebu fikiri, msomaji, kijana wa miaka ishirini kutoka nchi inayotawaliwa anasimama katika mji wa kale wa Roma, naye ni sawa na kijana wa taifa lolote lingine. Katika michezo hiyohiyo Abebe Bikila wa Ethiopia alikimbia mbio ndefu za marathoni bila viatu akashinda, na kijana Mmarekani aliyeitwa Cassius Clay, ambaye baadaye alijiita Muhammad Ali, alipata dhahabu ya ndondi. Nyangweso hakurudi na nishani. Lakini alirudi akiwa ameuona uwanja ambao bendera zote hupepea kwa urefu mmoja, na yaonekana kwamba hakuusahau maisha yake yote.

Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962. Nchi mpya ilihitaji maofisa wake yenyewe, kwa kuwa Waingereza walikuwa wamewapa Waafrika wachache sana vyeo vya uofisa. Kijana aliyekuwa na elimu kidogo na afya njema aliweza kupanda haraka kuliko mtu alivyopanda katika kazi yoyote nyingine. Nyangweso alikuwa mmoja wa kizazi hicho cha kwanza cha maofisa Waafrika.

Lakini kupanda haraka kulikuwa na hatari yake. Mwezi wa Januari 1964 askari wa Tanganyika, wa Uganda na wa Kenya waliasi katika muda wa siku chache. Katika Uganda askari wa Jinja walimzuilia waziri wao, wakadai mishahara zaidi, na serikali ikawapa. Basi askari wakajifunza somo baya, kwamba serikali humsikiliza mwenye bunduki. Mwaka 1966 Waziri Mkuu Milton Obote aliiweka kando katiba, na mwezi wa Mei alilituma jeshi, chini ya Amin, kuishambulia ikulu ya Kabaka wa Buganda. Kabaka alikimbilia Uingereza, akafia huko mwaka 1969. Hapo wanasiasa wenyewe ndio waliomkaribisha askari sebuleni. Na mgeni akishaonyeshwa chumba cha ndani, hangoji tena kukaribishwa. Tarehe 25 Januari 1971, Obote alipokuwa katika mkutano wa Jumuiya ya Madola huko Singapore, Amin aliitwaa serikali yote.

Hivyo ndivyo maofisa wa Uganda walivyoingia katika siasa. Hawakupigiwa kura na mtu yeyote. Hata mawaziri raia walitiwa chini ya amri za jeshi, wakatakiwa kutii kama askari. Nyangweso, ambaye alikuwa mmoja wa maofisa wa juu, alipewa uongozi wa jeshi katika miaka ya kwanza ya utawala huo, kisha akafanywa waziri. Kwa kijana wa Kisamia aliyeanza na glavu za ngozi, hicho kilikuwa cheo cha kuogofya kwa ukubwa wake.

Sasa tumefika mahali pagumu katika habari hizi, nami sitaki kulizunguka. Serikali aliyoitumikia Nyangweso ilikuwa serikali ya ukatili. Mwaka 1972 Wahindi wa Uganda walipewa siku 90 kuondoka nchini, na maduka na viwanda vyao vikagawiwa watu ambao wengi wao hawakujua kuviendesha. Askari wa makabila ya Waacholi na Walangi waliuawa makambini. Watu walichukuliwa nyumbani usiku wasionekane tena. Mwezi wa Februari 1976 Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni mali ya Uganda, akiegemea ile mipaka ya kale ya kabla ya mwaka 1902. Wakenya waliandamana kwa hasira, na mizigo ya Uganda ikazuiwa. Wasamia wa Port Victoria na Busia, waliogawanywa kwa kalamu, sasa walitishwa kuunganishwa kwa bunduki. Ndugu na ndugu walitazamana kwa wasiwasi ng'ambo ya mto ambao watoto huuvuka kwa kuogelea.

Mawaziri wa serikali hiyo walikuwa na njia tatu mbele yao. Njia ya kwanza ilikuwa kuondoka. Edward Rugumayo, Waziri wa Elimu, alijiuzulu mwaka 1973 akiwa nje ya nchi. Henry Kyemba, Waziri wa Afya, aliitoroka serikali mwaka 1977, akaandika kitabu kuyafichua yaliyotendeka. Njia ya pili ilikuwa kufa. Tarehe 16 Februari 1977 mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, waliuawa pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum, na serikali ikatangaza kwamba gari lao lilipata ajali. Oboth-Ofumbi alitoka Tororo, wilaya jirani kabisa na nyumbani kwa Nyangweso. Njia ya tatu ilikuwa kubaki. Nyangweso alibaki.

Mwaka mmoja niliwauliza wanafunzi wangu wa kidato cha tatu: Je, alifanya vyema kubaki? Msichana mmoja alisimama akajibu kwamba mtu mwema hakai meza moja na muuaji hata siku moja. Mvulana aliyekaa nyuma yake, ambaye baba yake ni mvuvi, akasema, "Mwalimu, ni rahisi kusema hivyo ukiwa huku Kenya. Akikimbia, nani atamlinda mama yake kule?" Darasa likanyamaza. Wote wawili walisema kweli, nami niliwaacha wanyamaze, kwani kuna maswali ambayo mwalimu akiyajibu upesi huwanyima wanafunzi faida yake.

Wazee wetu wana methali isemayo, "Mtumikie kafiri upate mradi wako." Wengi huitumia kuwatetea waliofanya kazi chini ya watawala wabaya. Lakini ipime methali hiyo kwa makini, msomaji. Haisemi kwamba kila utumishi ni halali. Yamtaka mtumishi awe na mradi, yaani shabaha iliyo njema, itakayoonekana baadaye. Basi tumuulize Nyangweso swali la methali yenyewe: Mradi wake ulikuwa nini?

Jibu moja laweza kupatikana katika michezo. Serikali za kikatili aghalabu hupenda michezo, kwa kuwa ushindi wa uwanjani hufunika kilio cha nyumbani. Chini ya Amin wanamichezo wa Uganda walipata sifa kubwa. Mwaka 1972 mjini Munich, John Akii-Bua alikimbia mita 400 za kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, akavunja rekodi ya dunia na kuipatia Uganda dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Bondia Leo Rwabwogo alipata fedha katika michezo hiyohiyo. Mwaka 1974 Ayub Kalule alikuwa bingwa wa dunia wa ndondi za ridhaa mjini Havana. Mwaka 1978 timu ya kandanda ya Uganda ilifika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, ikashindwa na Ghana mabao 2 kwa 0.

Hata hivyo, usidanganyike na nishani. Akii-Bua alikuwa Mlangi, kabila moja na Obote. Alipewa nyumba, na barabara ya Kampala ikaitwa kwa jina lake. Lakini watu wa kabila lake waliuawa, naye mwenyewe aliishi akitazamwa kwa shaka. Mwaka 1976 hakuweza kuitetea dhahabu yake, maana nchi nyingi za Afrika zilisusia michezo ya Montreal kwa sababu ya urafiki wa New Zealand na Afrika Kusini ya ubaguzi. Na utawala ulipoanguka mwaka 1979 bingwa huyo wa Olimpiki alivuka mpaka kuingia Kenya kama mkimbizi, akaishi kambini na familia yake kabla ya kupata msaada wa kwenda Ujerumani. Hayo ndiyo malipo ya mwanamichezo anayetumiwa na siasa: leo hubebwa juu, kesho hana pa kulala.

Tarehe 11 Aprili 1979 majeshi ya Tanzania na ya Waganda waliokuwa uhamishoni yaliitwaa Kampala. Amin akakimbia. Maofisa wengi wa zamani waliuawa, walifungwa au walikimbilia nchi za jirani. Huenda msomaji ukadhani kwamba hapo habari za Nyangweso zilikwisha. La, ndipo sehemu iliyo ndefu kuliko zote ilipoanza.

Mwaka 1981 Nyangweso alikuwa rais wa Kamati ya Olimpiki ya Uganda. Wakati huo Obote alikuwa ametawala tena. Mwaka 1985 Obote alipinduliwa na jeshi, na Tito Okello akashika nchi. Mwezi wa Januari 1986 Yoweri Museveni akaingia Kampala na jeshi lake la msituni. Serikali zikaja, serikali zikaondoka. Nyangweso akabaki katika kiti chake hata mwaka 2009. Mwaka 1988 alifanywa mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, akawa mmoja wa watu wachache duniani wenye kura ya kuamua ni mji gani utakaoandaa michezo. Alishika pia nyadhifa katika uongozi wa ndondi za ridhaa za Afrika, mchezo uliomtoa nyumbani.

Aliwezaje kudumu namna hiyo? Sababu moja imo katika sheria. Katiba ya Olimpiki haikubali kamati ya nchi iwe mtoto wa serikali. Viongozi wake huchaguliwa na vyama vya michezo vyenyewe: cha riadha, cha ndondi, cha kuogelea na vinginevyo. Serikali ikiingilia kwa nguvu, nchi yaweza kufungiwa, na wanamichezo wake wasiandamane nyuma ya bendera yao. Kwa hiyo waziri wa michezo aliweza kuanguka asubuhi, na rais wa kamati akaendelea na kazi yake jioni. Mtu aliyewahi kuwa na jeshi zima chini ya amri yake alikuta kwamba kiti kisicho na hata bunduki moja ndicho kilichokuwa imara kuliko vyote.

Je, aliifanyia nini nchi yake katika kiti hicho? Tuseme haki. Katika miaka ya vita, wakati barabara za Uganda zilikuwa na vizuizi vya askari kila maili chache, vijana wa Uganda waliendelea kwenda Los Angeles, Seoul na Barcelona. Bendera ya nchi iliyovunjika haikukosa kupepea pamoja na nyingine. Hilo si jambo dogo kwa taifa lililokuwa likijulikana ulimwenguni kwa mauaji tu.

Lakini haki ina mizani mbili. Tangu mwaka 1984 hata 2008 Uganda ilikwenda katika Olimpiki saba, ikarudi na nishani moja tu: shaba ya Davis Kamoga katika mita 400 mjini Atlanta, mwaka 1996. Nchi iliyopata nishani mbili Mexico mwaka 1968, na mbili Munich mwaka 1972, ilikaa miaka mingi ikingoja. Ndondi, zilizokuwa fahari ya Uganda, zilififia. Kosa si la mtu mmoja. Vita viliharibu shule, viwanja na vilabu, na fedha hazikuwapo. Hata hivyo kiongozi akikaa miaka ishirini na minane katika kiti kimoja, hawezi kuwaachia wengine lawama zote. Maji yasiyotembea, hata yakiwa ya mto mzuri, huota majani.

Meja Jenerali Nyangweso alifariki mwezi wa Februari 2011. Mwaka uliofuata, mjini London, Stephen Kiprotich alishinda marathoni, akaipa Uganda dhahabu yake ya pili ya Olimpiki, miaka 40 baada ya ile ya Akii-Bua. Mzee hakuiona siku hiyo.

Sasa, msomaji, turudi kwenye swali la methali. Kama mradi wake ulikuwa kuishi, aliupata. Kama ulikuwa kuulinda mlango mmoja mdogo ambao vijana wa Uganda wangepita kwenda kukutana na dunia, basi aliupata kwa sehemu. Lakini kumbuka kwamba wapo waliokufa kwa kukataa, nao hawakupata nafasi ya kuanza upya katika michezo wala katika jambo jingine lolote. Wewe unayemsifu aliyebaki, usiwasahau waliokwenda. Na wewe unayemhukumu aliyebaki, jiulize kwanza ni nani aliyekuwa nyuma yake nyumbani.

Mimi nina neno moja tu la kukuachia. Siku moja nawe utapewa cheo. Huenda kikawa cha kiranja wa bweni, cha mweka hazina wa chama cha wavuvi, au cha waziri. Cheo ni dhamana. Wala hakitakuja na karatasi inayokueleza ni lini ukikatae na ni lini uondoke. Bondia husikia kengele, akajua kwamba raundi imekwisha. Katika uongozi wa watu hakuna anayekupigia kengele. Yakupasa uisikie mwenyewe. Basi anza sasa, ungali kijana, kuyazoeza masikio yako.